Safari ya Bosnia: Miji Iliyobeba Amana



Wapenzi wasomaji, ikitajwa Ulaya, aghalabu mawazo yetu hukimbilia London au Paris. Leo napenda kuwapeleka Bosnia na Herzegovina, nchi ya milima na mito ambayo takriban nusu ya watu wake ni Waislamu. Mimi na mama watoto tulijaaliwa kuizuru baada ya baridi kali kupungua, theluji ingali juu ya vilele na miti ya matunda imechanua mabondeni.

Tulianzia Sarajevo, mji mkuu. Mto Miljacka unaupasua kati, na nyumba zimepanda milimani kila upande. Katika mji wa kale, uitwao Baščaršija, wafua shaba wangali wakigonga nyundo, na kahawa huletwa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, kama vya kwetu. Hapo karibu pana msikiti wa Gazi Husrev-beg, aliyekuwa liwali wa Dola ya Uthmaniyya. Mwaka 1537 aliongeza madrasa, akaziwekea taasisi zake wakfu. Madrasa hiyo inasomesha hadi leo, wavulana na wasichana.

Kando ya msikiti upo mnara wa saa. Ilipoadhiniwa magharibi, mama watoto alitazama juu akacheka: mishale ilikuwa kwenye kumi na mbili barabara! Watalii waliokuwa karibu nasi walidhani saa imeharibika. Sisi tulielewa mara moja. Saa ile huanza kuhesabu siku jua linapotua, na mtunzaji wake huirekebisha kwa mkono kadiri magharibi inavyosogea.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya vitabu. Tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996 mji huu ulizingirwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia, yaliyokaa juu ya milima ile ile inayopendeza macho. Agosti 1992 maktaba ya taifa, iliyokuwa katika jumba la Vijećnica, ilipigwa mizinga ikateketea. Jumba lilijengwa upya likafunguliwa mwaka 2014. Vitabu vilivyokuwa majivu havikurudi. Maktaba ya Gazi Husrev-beg nayo iliokoa hati zake kwa kuwa wahudumu walizitia masandukuni, wakazihamisha kutoka maficho hadi maficho huku mji ukipigwa. Miongoni mwazo imo juzuu ya Ihya ya Imam Ghazali iliyonakiliwa mwaka 1106, mwenyewe angali hai.

Niliposikia hayo niliinamisha kichwa. Nyumbani kwetu lipo sanduku la hati za marehemu babu yangu, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hakuna adui aliyelilenga. Lilikuwa chini ya ngazi miaka ishirini, na mimi ndiye niliyeliacha hapo.

Kutoka Sarajevo tulipanda gari la moshi hadi Mostar, mwendo wa kama saa mbili, milima huku na mto Neretva huku. Daraja la mawe la mji huo lilikamilika mwaka 1566. Novemba 1993 mizinga ya Wakroati wa Bosnia ililiangusha mtoni. Likajengwa tena kwa jiwe la aina ile ile, likafunguliwa Julai 2004. Mawe yake yanateleza, basi vaeni viatu vinavyoshika. Karibu na hapo ni Blagaj, ambapo mto Buna unatoka chini ya jabali, na zawiya ya kale imesimama mdomoni mwake. Wenye nafasi wafike pia Travnik, mji uliokuwa makao ya mawaziri wa Uthmaniyya, wakaone msikiti uliopakwa nakshi za rangi.

Mwisho tulikwenda mashariki, Srebrenica. Julai 1995 wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa huko. Makaburini Potočari mawe meupe yamejipanga hata jicho linachoka. Mama watoto aliketi karibu na bibi mmoja mzee. Hawakuwa na lugha moja ila salamu na Al-Fatiha. Walisoma pamoja, na walipomaliza bibi yule alimshika mkono, asiuachie kwa muda mrefu.

Kwa wenye nia: ulizeni masharti ya viza mapema, chukueni nguo za baridi, na chakula halali msikihofie. Familia yenye watoto haitapata dhiki.

Tuliporejea, kabla hata ya kufungua mabegi, mama watoto alilivuta lile sanduku kutoka chini ya ngazi. Mchwa walikuwa wamekula kiasi cha theluthi. Zilizosalia tunazipangusa kila Alhamisi jioni, karatasi baada ya karatasi. Mjukuu wetu wa kike ndiye anayenisomea, kwani macho yangu yamepungua nguvu. Juzi tulikuta jina la mama yake babu, ambalo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa akilijua.

Je, msomaji wangu, sanduku la kwenu liko wapi?

Wabillahi tawfiq.