Kipimo Kilichosomwa Kila Asubuhi

Nashuhudia juu ya mwaka 2020, mwaka ambao mvua ilibeba vifaa vyangu, korona ikafunga maabara, mpaka ukafungwa nikiwa ng'ambo ya kwetu, na baba yangu akafariki. Nilivuka. Nitawataja walionivusha, ila bila majina, kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa.

Mimi ni mtafiti wa mito. Nilizaliwa Musoma, jirani na mahali ambapo Mto Mara unaingia Ziwa Victoria baada ya kutembea kilomita karibu 395. Nilipomaliza uzamivu nilipata mkataba wa miaka miwili wa utafiti wa baada ya uzamivu, nikaenda nao juu kabisa, Bomet nchini Kenya. Huko mito ya Nyangores na Amala hutoka kwenye msitu wa Mau, ikapita katikati ya chai, mahindi na malisho, kisha ikakutana na kuitwa Mara.

Nilichofuata ni gesi zinazotoka kwenye vijito. Maji ya chini ya ardhi yanapotokeza kwenye chemchemi huwa yamebeba hewa ukaa iliyotokana na mizizi na vijidudu vya udongoni. Yakigusa anga na kurukaruka juu ya mawe, huiachia kama soda iliyofunguliwa. Kwenye tope la kingo, pasipo na oksijeni, vijidudu hutengeneza methani. Nayo mbolea ya dukani ambayo mahindi hayakuimaliza husombwa na mvua ikiwa naitreti. Ikifika kijitoni, vijidudu vingine huigeuza, na sehemu yake hutoka ikiwa naitrasi oksaidi. Tani moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto mara 273 ya tani moja ya hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Mkulima amelipa fedha yake kwa mfuko huo wa mbolea, kisha unamtoka mara mbili: majini na hewani.

Mwaka 2013 Peter Raymond wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walikadiria kwamba mito na vijito vya dunia nzima hutoa tani bilioni 1.8 za kaboni kila mwaka kwa njia ya hewa ukaa. Vipimo kutoka Afrika vilikuwa vichache mno katika hesabu ile. Mwaka 2015 Alberto Borges wa Chuo Kikuu cha Liège na wenzake walianza kuziba pengo hilo kwa vipimo vya mito 12 ya bara letu, Kongo na Tana zikiwemo. Lakini vijito vidogo, vile ambavyo mtoto wa shule anavuka kwa kuruka, bado havikuwa na wa kuvisemea, na ndivyo vilivyo vingi. Nilitaka vya kwetu vihesabiwe kwa haki, na nataka hivyo hadi leo.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya mitambo. Unavuta maji kwa sirinji, unaingiza hewa unayoijua kipimo chake, unatikisa mpaka gesi zigawane kati ya maji na hewa, halafu hewa ile unaisukumia kwenye kichupa chenye kizibo cha mpira. Usiku unarudia. Mchana mimea ya majini hula hewa ukaa, kwa hiyo anayepima mchana peke yake hupata picha pungufu. Vichupa hukusanywa, vikapelekwa maabara kwenye mashine ya kuchambua gesi. Maabara yetu ilikuwa Nairobi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na vipimo vya usiku vikafa siku hiyohiyo. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Chumbani kwangu Bomet kulikuwa na makasha ya vichupa vilivyojaa gesi ya masika, na mpira wa vizibo huvujisha, taratibu, kadiri miezi inavyokwenda.

Na masika yale! Mvua ilinyesha kama vile haijawahi kuambiwa basi. Nyangores ilipanda ikang'oa nguzo za chuma tulizozipigilia mtoni, pamoja na vihisi vya oksijeni na joto vilivyofungwa juu yake. Nilishuka asubuhi nikakuta maji ya kahawia na mti mzima umelala palipokuwa na kituo. Fedha za kununua vingine hazikuwepo. Mfadhili wa ng'ambo alikuwa amesimamisha malipo mpaka hali itakapoeleweka.

Kilichobaki mtoni ni ubao wa kupimia kina, na mzee mmoja wa kijiji aliyekuwa akiusoma kila asubuhi kwa posho ndogo. Posho nayo ilikuwa imekatika. Nilikwenda kwake kumweleza, nikiwa nimejiandaa kwa lawama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari lake.

"Posho itakuja ikija, daktari. Leo ni mita moja na nukta nane. Jana ilikuwa mbili na nukta moja, lakini nimeiandika kwa penseli kwa sababu gogo lilikuwa linagonga ubao."

Msomaji asiyefanya kazi hii huenda asione uzito wa maneno hayo. Gesi iliyomo kwenye kichupa inakueleza kiasi kilichoyeyuka majini, basi. Ili ujue ni kiasi gani kimetoka kwenda hewani, lazima ujue kina, kasi na msukosuko wa maji saa ile ulipochota. Bila namba za mzee, vichupa vyangu vyote vya masika vingekuwa vioo vyenye hewa. Na aliweza kutofautisha usomaji anaouamini na ule anaoutilia shaka, jambo ambalo nimeona likiwashinda watu wenye shahada.

Tarehe 16 Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria. Mwezi huohuo Ziwa Victoria lilifikia kina ambacho hadi wakati huo kilikuwa hakijawahi kuandikwa tangu vipimo vya ziwa vianze. Baba alikuwa na shamba la mihogo karibu na ufuko, na ziwa lilikuwa limeliingia. Kila nilipompigia aliuliza kwanza juu ya mto. "Huko juu maji yameshuka, mwanangu?" Nami namwambia yameshuka kidogo, shikamoo baba, na yeye anaitikia marahaba huku akihesabu matuta yaliyobaki. Tulikuwa tunazungumza habari ya maji yaleyale, yeye mwishoni mwake na mimi mwanzoni.

Alianguka mwezi Juni, asubuhi, presha. Mjomba ndiye aliyenipigia. Kutoka Bomet hadi mpakani Isebania ni mwendo wa saa chache, na nilikwishafunga begi kabla sijakumbuka kwamba hapapitiki. Nilizika baba yangu kwa simu. Mtandao ulikatika wakati wa kuweka udongo, ukarudi watu wanaondoka makaburini.

Sitaeleza yote ya siku zile. Mama mwenye nyumba alikuja na chupa ya chai, akaketi nami bila kuuliza swali. Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo wanawake wa kanisani kwake walikuja wawili wawili, kila kundi na zamu yake, wakaimba kwa Kikipsigis nyimbo ambazo sikuwa nazijua na wakaniombea kwa Kiswahili ili nielewe. Kodi ya chumba hakuitaja mpaka mwaka ulipoisha. Nami niliwafundisha wanawe hesabu, maana shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Namshukuru Mungu kwa mama yule kila siku.

Katikati ya hayo ilikuja barua kwamba mkataba wangu umeongezwa muda, bila mshahara. Hapa nasema kwa uchungu kwa sababu najua wengi waliopitia hayo: sayansi yetu imesimama juu ya vijana waliokwisha kusoma kila kitu kinachosomeka, wanaoishi kwa mkataba wa miaka miwili kwenda mwingine, na matumizi yao hufikiriwa mwisho kabisa. Mto unahitaji kupimwa masika na kiangazi, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Hakuna mkataba wa miaka miwili unaotosha kwa hilo. Nilifikiria kuacha. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba kazi ya kufundisha sekondari, na si kazi ya kudharau. Iliyonizuia kuituma ni aibu mbele ya lile daftari la mzee, lililokuwa linaendelea kujaa.

Nairobi ilifunguliwa Julai, nikapanda gari na makasha yangu. Tulikuwa tumeweka, kama taratibu zinavyotaka, vichupa vya gesi yenye kipimo kinachojulikana humohumo kwenye makasha, vikakaa joto lilelile na muda uleule. Hivyo vilichambuliwa kwanza. Nilisimama nyuma ya fundi wa maabara nikiwa nimeshika ukuta. Vilikuwa vimepoteza kidogo, kiasi cha kusahihishika kwa hesabu. Masika ilikuwa imesalimika.

Vichupa vilionyesha kwamba vijito vya mashambani vilitoa naitrasi oksaidi nyingi kuliko vya msituni, na nyingi zaidi kila mvua ilipofuata muda wa kutia mbolea. Vijito vya ndani ya Mau vilitoa hewa ukaa bila kukoma, kutoka kwenye chemchemi zenyewe. Grafu niliyoipenda kuliko zote ina mstari mmoja wa kina cha maji, Machi hadi Julai, usio na pengo hata siku moja, na nukta chache zimechorwa kwa rangi hafifu. Hizo ni zile za penseli. Posho ya mzee ililipwa yote, malimbikizo na kila kitu. Nilikataa kusaini ripoti ya mwisho mpaka ilipolipwa.

Njia zilipofunguka nilikwenda Musoma, nikafika kaburini na mama. Baadaye aliniuliza kama mbolea ya Bomet inafika kwetu. Nilimwambia kabla ya ziwa kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo, pale daraja la Kirumi, na kinamasi kinaweza kuizuia naitreti huku kikitoa methani. Kiasi gani, hilo ndilo linalotakiwa kupimwa. Ombi la fedha za miaka mitano nimekwisha kulituma. Lina fungu la wasomaji wa kina cha maji, Kenya na Tanzania, na limewekwa juu ya fungu la vifaa.