Alama za Kwenda na Kula

Mtoto wa Karagwe au wa Kyerwa aingiapo shuleni, nyumbani kwao husema okugenda na okunywa. Mwalimu humfundisha kwenda na kunywa, naye hucheka, maana neno la pili ni lile lile alilolizoea mekoni kwa mama. Mtoto wa Japani hana wepesi huo. Maneno ni ya kwao, lakini alama nyingi za kuyaandikia zilitoka ugenini, China, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na kila alama hubeba maana yake.

Darasa la kwanza hufundishwa alama 80. Amalizapo la sita ni 1,026, kama ilivyo tangu mwaka 2020. Kazi si haba! Hata mistari ina zamu zake: kwa kawaida wa juu hutangulia wa chini, na wa kushoto hutangulia wa kulia.

Alama ya kwenda, 行, zamani ilikuwa picha ya njia panda. Ya kutembea, 歩, ilikuwa nyayo mbili zifuatanazo. Ya kula ni 食. Hiyo ikisogezwa kushoto, na ubavuni pake akawekwa mtu aliyefunua kinywa, huwa kunywa, 飲. Kinywa chenyewe ni mraba mtupu, 口. Nacho kikifuata 出, yaani kutoka, basi 出口 ni mlango wa kutokea.

Wajapani wa kujitolea walianza kuja Tanzania mwaka 1967, na Watanzania nao huenda Japani kusoma. Mijini vibao vingi vina Kiingereza pia. Lakini katika mkahawa mdogo wa shamba huenda orodha ya vyakula ikawa ya Kijapani tu, na mwenye njaa asiyetambua 魚, samaki, wala 肉, nyama, hana budi kunyosha kidole na kungoja atakachojaliwa.

Mnyambo atauliza, “Na ndizi je?” Ndizi, chakula kikuu cha kwao, huandikwa kwa herufi za sauti tu, ba-na-na, kama maneno mengi ya kigeni. Kahawa, zao la Karagwe, nayo huandikwa vivyo hivyo. Ila juu ya milango ya mikahawa mingine huonekana 珈琲, alama mbili zilizochaguliwa kwa kufuata sauti ya neno. Hizo hazimo katika zile 1,026.