Kitabu cha Mjane Katika Mji wa Vitabu

Akina mama tunaijua mitumba ya nguo: tunainama, tunachambua, tunakagua mshono, tunabishana bei. Huko Wales, mpakani kabisa na England, upo mji ambao mitumba yake ni vitabu. Unaitwa Hay-on-Wye. Wakazi wake hawafiki 2,000, na maduka ya vitabu yanapita 20.

Aliyeanzisha mambo hayo ni Richard Booth. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifungua duka katika kituo cha zamani cha zimamoto, akawa ananunua shehena za vitabu hata kutoka maktaba zilizokuwa zikifungwa Marekani. Tarehe 1 Aprili 1977 alijitangaza kuwa mfalme wa Hay. Watu walicheka, magazeti yakaandika, wageni wakamiminika. Alifariki mwaka 2019, lakini vitabu bado vinaulisha mji ule.

Tulikwenda huko akina mama watatu, kwa shughuli maalumu. Mwenzetu wa kikundi chetu, mwalimu mstaafu na mjane, alikuwa na kitabu ambacho marehemu mumewe alikileta kutoka masomoni. Mtu akakiazima, kisirudi. (Nani asiyemjua mtu wa namna hiyo?) Tukachanga fedha bila yeye kujua.

Kitabu chenyewe ni Essays Presented to Charles Williams, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1947. Williams alikuwa mhariri wa shirika hilohilo. Vita vilipoanza mwaka 1939, ofisi yake ilihamishwa kutoka London hadi Oxford, na huko akaingia katika kundi la marafiki waliokuwa wakisomeana maandishi yao, wakiwemo C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien. Vita vilipokaribia kwisha walianza kumwandalia makala za kumuaga atakaporudi London. Hakurudi. Alifariki tarehe 15 Mei 1945, wiki moja tu baada ya vita kwisha Ulaya, akaacha mke na mtoto wa kiume. Makala zile zikawa kumbukumbu yake, na mapato yalikusudiwa kumfikia mjane.

Waandishi walikuwa sita, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Dorothy Sayers. Makala inayotafutwa zaidi ni ya Tolkien kuhusu hadithi za njozi, zile za mazimwi na falme zisizo kwenye ramani. Anasema hazikutungwa kwa ajili ya watoto. Wakubwa walizichoka, wakazisukumia chumba cha watoto kama samani kuukuu. Wale wanaosema kwamba hadithi hizo ni kukimbia maisha, anawajibu kwamba mfungwa anayewaza nyumbani kwake hana kosa. Sisi tuliolelewa na paukwa pakawa za bibi, jikoni, wakubwa kwa wadogo, hatukuhitaji kushawishiwa sana.

Basi tulipanda treni London, tukashuka Hereford, kisha basi mwendo wa kama saa nzima kati ya mashamba ya kondoo. Kwenye uwanja wa ngome ya mji tulikuta rafu zimesimama nje, hazina mwuzaji. Unachukua kitabu, unatumbukiza fedha sandukuni, unakwenda zako. Tulitazamana. Sanduku lile sokoni kwetu lisingefika saa sita mchana.

Kazi ilikuwa kujua kitabu kiko rafu gani. Tulianza duka linaloitwa kwa jina la Booth, kwa Tolkien: hakipo. Kwenye dini: hakipo. Tukavuka hadi duka lililo katika jengo lililokuwa sinema, tukapekua uhakiki wa fasihi mpaka shingo zikauma, maana migongo ya vitabu husomwa kichwa kimelala. Hapo mmoja wetu akapiga kelele. Kumbe ni chapa ya Marekani ya mwaka 1966, ya Eerdmans, yenye jalada la karatasi. Ukitafuta kitabu kikuukuu, geuza ukurasa wa jina na usome nyuma yake kabla ya kushangilia.

Tulibishana palepale. Maneno si yaleyale? Na makala ya Tolkien si ilichapwa tena katika Tree and Leaf mwaka 1964? Kweli. Lakini mwenzetu hakupoteza maneno. Alipoteza kitabu kile alichokuwa akikiona mkononi mwa mumewe. Tukakirudisha.

Saa tisa alasiri tulikipata katika kaduka kembamba, kwenye rafu ya maisha ya watu mashuhuri, kwa sababu jalada lina jina la mtu. Mwaka 1947. Karatasi ya kufunikia jalada imepotea, jina la mwenye kitabu limeandikwa kwa wino, na makala ya Sayers imepigiwa mistari ya penseli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakusanyaji hawapendi alama hizo, hivyo bei hushuka. Hata hivyo ilipita mchango wetu. Mwuzaji alipunguza kidogo. Iliyobaki tuliitoa kwenye fedha za blanketi la sufu ambalo mmoja wetu alikuwa ameliota tangu London.

Mwenzetu alipofungua kifurushi alikaa kimya muda mrefu, akipapasa ile mistari ya penseli. Kisha akauliza tumelipa kiasi gani. Tukamwambia alete chai kwanza.