384 Si Namba ya Kila Utafiti

Wanafunzi wangu wa uzamili wana namba waipendayo kuliko zote: 384. Naikuta katika andiko baada ya andiko. Mmoja anachunguza mahudhurio ya kliniki, mwingine anataka kulinganisha dawa mbili kwa wagonjwa watakaogawanywa kwa nasibu, na wote wawili wanahitaji watu 384. Nikiuliza imetoka wapi, jibu huwa fupi: “Ni fomula, Dokta.”

Fomula hiyo ni halali mahali pake. Inamfaa anayekadiria asilimia moja katika jamii kubwa, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na pengo la makosa la asilimia 5. Jaribio la tiba lina swali jingine: ikiwa tiba hii inaleta tofauti, je, wagonjwa tulionao wanatosha kutuonyesha tofauti hiyo?

Ili kulijibu, mtafiti hutamka mambo manne kabla ya kumsajili mgonjwa wa kwanza: kiwango cha vifo, au cha tukio jingine, anachokitarajia katika kundi la ulinganisho, tofauti ndogo kabisa yenye maana kwa mgonjwa, hatari anayoikubali ya kuona tofauti isiyokuwepo, na uwezo wa utafiti kuiona tofauti iliyopo. Tuchukulie vifo ni asilimia 10. Kutambua kwamba tiba inavishusha hadi asilimia 5, kwa uwezo wa asilimia 80 na hatari ya asilimia 5, kunahitaji takriban wagonjwa 430 katika kila kundi. Ikiwa inavishusha hadi asilimia 7.5 tu, wanahitajika takriban 2,000 katika kila kundi.

Mfano ninaoupenda kuufundisha umetoka kwetu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi na Muheza. Uliwahusu watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakujumuishwa. Swali lilikuwa kama kuwapa maji mengi ya mshipani kwa kasi kunaokoa maisha. Watafiti walianza na lengo la watoto 2,880, wakikisia vifo vya asilimia 15 katika kundi la ulinganisho. Vifo vilipoonekana kuwa vichache kuliko walivyotarajia, walipandisha lengo hadi 3,600, na mabadiliko hayo wakayaandika wazi katika ripoti yao.

Januari 2011 usajili ulisimamishwa ukiwa na watoto 3,141. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji kwa kasi, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa. Tiba iliyotarajiwa kuokoa ilikuwa ikiongeza vifo: takriban watoto watatu zaidi katika kila mia.

Sasa fikiria utafiti huohuo ungekuwa na watoto 200, mia kwa mia. Wangefariki kumi au kumi na mmoja upande mmoja, na saba upande wa pili. Tofauti hiyo inaweza kuletwa na bahati tu. Ripoti ingesema hakuna tofauti ya kitakwimu, msomaji mwenye haraka angesoma kwamba tiba haina madhara, na dripu zingeendelea kufunguliwa kwa kasi. Kutoiona tofauti si ushahidi kwamba haipo.

Ndiyo maana mwongozo wa CONSORT, tangu mwaka 1996, unawataka watafiti waeleze walivyoipata idadi yao. Hata hivyo, mwaka 2009 jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya ripoti 215 za majaribio zilizotoka mwaka 2005 na 2006 katika majarida sita makubwa ya tiba. Ni 73 tu, yaani asilimia 34, zilizotoa taarifa zote, zikakokotoa kwa usahihi na kuwa na makisio sahihi kuhusu kundi la ulinganisho. Ikiwa hivyo ndivyo yalivyo majarida makubwa, tusishangae ya makabati yetu.

Naliandika hili katika ukurasa wa siasa na jamii kwa sababu idadi ya sampuli ni ahadi kwa umma. Mzazi anayeridhia mwanawe aingie katika jaribio anastahili kujua kwamba jaribio hilo lina uwezo wa kutoa jibu. Wakiwa wachache mno, watoto wamewekwa hatarini bure. Wakizidi mno, baadhi wameendelea kupewa tiba duni ilhali jibu lilikwishapatikana.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma unayeletewa ripoti isemayo “mradi wa majaribio haukuonyesha tofauti”, kabla hujatia saini ya kuufunga, uliza: ni tofauti ya ukubwa gani mlijiandaa kuiona? Mwanaharakati, uliza hivyohivyo kwa ripoti inayokupendeza. Nawe mwanafunzi wangu, ukija na 384, njoo na sababu yake.