Upande wa Pili wa Kaseti

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye anafanya kazi ya uuguzi huko Uingereza, alifika nyumbani kwa likizo akiwa na mizigo ya kila namna: sweta za mama yake, dawa ya magoti yangu, na ndani ya bahasha ya kaki, jarida moja. "Baba," akasema, "hili ni lako. Nilipoona picha ya jalada nilikumbuka kile kidude kilichokuwa juu ya kabati, ambacho sisi watoto tulikatazwa kukigusa."

Nikavaa miwani. Juu ya jalada palikuwa na kompyuta ndogo nyeusi, vitufe vyake vya mpira wa kijivu, na pembeni michirizi minne ya rangi. Ilikuwa ZX Spectrum. Nilidhani ni jarida la kale lililookotwa sokoni, kumbe lilikuwa toleo jipya, hata wino wake bado ulikuwa ukinukia.

Wasomaji vijana watastahimili maelezo kidogo. Spectrum ilitolewa mwezi wa Aprili 1982 na kampuni ya Clive Sinclair ya mjini Cambridge, ikawa inaundwa katika kiwanda cha Timex huko Dundee, Scotland. Ile kubwa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48, kiasi ambacho picha moja tu iliyopigwa kwa simu ya siku hizi haitoshei. Haikuwa na kioo chake yenyewe, bali uliiunga na televisheni ya nyumbani. Ukizima umeme, kazi yako yote hupotea, isipokuwa uwe umeihifadhi katika kaseti ya kawaida, ile ile ya kusikilizia muziki, kwa kutumia redio kaseti ya kawaida. Kompyuta iligeuza maandishi kuwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa kelele za kutisha, mfano wa mbu elfu waliofungiwa katika debe.

Ziliuzwa zaidi ya milioni tano, zikaacha kutengenezwa mwaka 1992, na Sinclair mwenyewe alifariki Septemba 2021. Ungetazamia mambo yaishie hapo. Lakini wale waliokuwa vijana wakati ule, leo wakiwa na mvi, wamekataa kuiacha mashine ife. Hata jarida la Crash, lililoanza mwaka 1984 katika mji mdogo wa Ludlow na kufungwa mwaka 1992, lilifufuliwa na wapenzi wake. Msanii wa majalada yake ya zamani, Oliver Frey, alifariki mwaka 2022, ila michoro yake bado inatafutwa.

Jarida langu nililisoma usiku mbili mfululizo. Palikuwa na tangazo la mashine mpya iliyotoka Novemba 2024, yenye sura ile ile na vitufe vile vile vya mpira. Palikuwa na michezo iliyotungwa sasa hivi na watu wenye kazi zao na watoto wao, ambao hujibana kwa hiari ndani ya kilobaiti 48. Wanapata wapi muda huo mimi sijui, ingawa nikiwa mtu wa kuuliza swali hilo, mke wangu atacheka. Ukurasa ulionishika zaidi ni wa matengenezo. Chipu za kumbukumbu za mashine ile zilitaka umeme wa volti za aina tatu, na moja ya hizo ikikosekana chipu huungua. Vilevile utando wa plastiki ulio chini ya vitufe hukakamaa kwa uzee na kupasuka, na sasa watu wanatengeneza mpya. Mimi niliyelehemu redio za polisi kwa miaka 26 nilisoma maneno hayo kama asomaye barua kutoka kwao.

Kisha nikafika ukurasa wa kaseti. Mwandishi alieleza kwamba utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, na kwamba unyevu na miaka huuharibu. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa spiriti, alisema, uzungushe utepe kwa mkono kwanza, kisha ucheze mara moja na kuihamishia sauti yote katika kompyuta ya kisasa. Akaongeza: msiache hata upande mnaodhani ni mtupu, kwa sababu siku zile watu walikuwa wakirekodi juu ya chochote.

Binti yangu alikuwa akisoma begani mwangu. "Baba, kaseti zako zipo? Tuzihamishe." Kabla sijajibu, mama watoto akaitikia toka jikoni, "Zimo kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda." Nikasema nimechoka, tuache mpaka kesho.

Ndugu zangu mliokaa kambini mtakumbuka barua za kaseti. Mwaka 1984 nilipelekwa Uingereza kwa kozi ya ufundi wa redio, miezi tisa. Posta ilikuwa ikichelewa, na mama watoto akanitumia kaseti kwa mkono wa mwenzetu aliyekuwa akija. Nilisikiliza upande wa kwanza: yeye, watoto wakigombea kusema, jogoo wa jirani. Mwishoni walisema kwaheri. Nikaitia kaseti katika mkebe wake, nikaamini kwamba barua imekwisha.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kununua Spectrum, kwa pauni karibu 130 nilizozibana katika posho ya chakula. Mke wangu sikumwambia bei. Majarida ya siku zile yalichapisha programu nzima kwa maandishi, mstari baada ya mstari, na kila mstari na namba yake. Msomaji aliinakili mwenyewe, na mkato mmoja ukikosewa programu yote inagoma. Vitufe vyenyewe vilikuwa vya ajabu, kwani ukibonyeza P, neno zima PRINT hujiandika. Jumapili moja ya baridi nilinakili programu kutoka asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Ilipokubali kufanya kazi, nikakumbuka kwamba sina kaseti tupu. Siku zile huko Uingereza maduka mengi yalifungwa Jumapili. Nikachukua ile ya nyumbani, nikaigeuza upande wa pili, nikaihifadhi programu mara mbili, kama fundi mwangalifu. Dakika tatu tu.

Wiki tano baadaye ilifika barua kwamba mama yangu mzazi amefariki, na amekwisha kuzikwa. Mama watoto aliandika: "Jipe moyo, angalau sauti yake umeisikia katika kaseti."

Niliugeuza upande wa pili. Zikalia zile kelele, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu kimya kidogo, kisha mama, katika lugha ya kwetu, katikati ya sentensi: "...awe mwekundu, kama yule wa kwanza. Basi mwanangu, ukae salama." Hapo ikakata.

Niliporudi, mke wangu alinitazama kama mtu anayengoja neno, lakini sikusema. Kompyuta niliiweka juu ya kabati na kaseti nikazifungia sandukuni. Kwa miaka 40 nimejiuliza nani awe mwekundu.

Usiku ule wa jarida sikulala. Alfajiri nilimkuta mama watoto akipepea sigiri, nikamweleza yote, kuanzia bei ya mashine. Alinyamaza mpaka makaa yakashika. Kisha akasema, "Kwa hiyo hukusikia."

"Sikusikia."

"Nami miaka yote hii nadhani ulisikia, ukapuuza. Niliona ni jambo la ukoo wenu, si mahali pangu kulifungua."

Yeye ndiye aliyeshika redio kaseti siku ile mama alipokuja kambini, na maneno aliyakumbuka. Mama alikuwa na deni kwa kaka yake. Baba alipokufa, mjomba alitutolea mtamba mwekundu, akauzwa, na karo yangu ikatoka pale. Mama aliniomba nikirudi nimlipe mjomba mtamba mwingine, na rangi asibadilishe. Mjomba aliishi miaka 11 baada ya hapo. Kila Krismasi nilimpelekea sukari na sabuni, naye alipokea kwa mikono miwili, na kila mara alinitazama kama mke wangu alivyonitazama. Sasa nafahamu kwamba mama alikuwa amemwambia.

Mchana binti yetu aliihamisha kaseti kama jarida lilivyofundisha. Kichwa kilisafishwa, utepe ukazungushwa kwa kalamu. Programu ilisomeka, nakala zote mbili, na binti alifurahi sana, kwani mchezo ulicheza katika kompyuta yake kana kwamba ulinakiliwa jana. Mama watoto hakuutazama mchezo. Aliomba arudishiwe yale maneno ya mwisho, akayasikiliza mara nne, akasema sauti ni yenyewe kabisa, hata kile kikohozi.

Mjomba ameacha watoto watatu, na mkubwa wao anakaa si mbali na sisi. Jumanne nilikwenda mnada wa ng'ombe. Walikuwepo weusi, walikuwepo wa madoa, na mmoja wa kahawia ambaye mchuuzi alinishikilia kwamba ni mwekundu. Nimeambiwa nirudi Jumanne ijayo.