Kosa Lisilo na Mkosaji

Fizikia katika shule za sekondari za Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mwanafunzi wa Voi hurudi nayo nyumbani kwa Kiswahili au Kidawida. Humo njiani, neno moja hubadilika sura: kosa.

Tuseme mwanafunzi huyo, katika mji huu wa reli, anapima mwendo wa treni ipitayo kati ya alama mbili zilizoachana mita 100. Saa yaonyesha sekunde 4.0, hesabu yampa kilomita 90 kwa saa. Lakini kidole hakibonyezi saa papo hapo jicho lionapo. Iwapo muda huo una shaka ya sekunde 0.2 kwa kuzidi au kupungua, mwendo wa kweli u baina ya kilomita 86 na 95. Shaka hiyo ndiyo itafsiriwayo kuwa kosa, ingawa hakuna aliyekosa.

Katika Kiswahili cha kila siku, kosa lina mkosaji na adhabu. Si ajabu, basi, mwanafunzi akiificha shaka yake, hata akageuza vipimo vilandane na kitabu. Hapo ndipo uongo huanza. Wanaosanifu istilahi na walitafakari hili: “kiasi cha shaka” kingemfunza kwamba kukiri mpaka wa ujuzi ni sehemu ya jibu, wala si aibu.