Bwana Alivyonikuta Leipzig



Mimi ni mtoto wa Machame, Kilimanjaro. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya ya vijana mpaka nilipomaliza kidato cha sita. Jumapili asubuhi nyumbani kwetu hakubaki mtu isipokuwa mgonjwa na anayemuuguza. Katika miaka ile yote hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini ninaamini, maana sikuwahi kukaa na mtu asiyeamini. Hata wenzangu wa dini nyingine shuleni walikuwa na Mungu wao na sala zao. Ushuhuda ninaoutoa unahusu yaliyonipata nilipotoka hapo.

Nilipata nafasi ya kusomea uuguzi wa wazee Ujerumani, katika mji wa Leipzig. Mlutheri wa Kilimanjaro akisikia Leipzig hasikii mji mgeni. Wamisionari wa Leipzig ndio walioanza kazi Machame mwaka 1893. Wawili wao, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru mwaka 1896 kazi ya kule ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Bruno Gutmann naye alikaa Old Moshi miaka mingi, akajifunza lugha na desturi za Wachaga kwa undani ambao wazee bado wanausimulia. Siku ya kuaga, mchungaji wetu aliniombea mbele ya usharika akasema ninakwenda kwa waliotuletea Injili. Mama alilia kwa furaha.

Majengo niliyakuta. Kanisa la Mtakatifu Thoma, ambako Bach aliongoza muziki tangu 1723 hadi alipofariki 1750 na ambako kaburi lake lipo, limesimama katikati ya mji, na watalii hawaishi kuingia. Lakini mimi nilipanga chumba Grünau, pembezoni, kwenye mtaa wa maghorofa yaliyoanza kujengwa mwaka 1976. Jumapili yangu ya kwanza huko niliwakuta waumini wachache wenye mvi, kila mmoja na benchi lake. Kazini nikamuuliza kijana mmoja wa zamu yangu anasali wapi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

"Mimi sisali popote," akasema. "Mimi ni mtu wa kawaida tu."

Watu wa kwetu wakisikia habari kama hizi husema Wazungu wameshiba, wamemsahau Mungu. Nimeyasikia maneno hayo hata mimbarani, na kwa upande huu wa Ujerumani nayapinga. Mwaka 1950 zaidi ya watu tisa katika kila kumi wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki walikuwa washarika wa kanisa fulani. Utawala wa kikomunisti ulipofikia mwisho wake mwaka 1989, walikuwa wamebaki kama watatu katika kila kumi. Kuanzia miaka ya 1950 vijana wa miaka kumi na minne waliwekewa sherehe ya serikali, Jugendweihe, ishindane na kipaimara, na familia iliyokataa sherehe hiyo ilijua kwamba mtoto wao anaweza kufungiwa mlango wa masomo ya juu. Hebu jiweke mahali pa mzazi yule. Mwaka 1968 serikali ililipua kwa baruti kanisa la chuo kikuu katikati ya Leipzig, kanisa ambalo Vita vya Pili vya Dunia vililiacha limesimama. Mmoja wa wazee ninaowauguza alikuwa kijana siku hiyo. Anakumbuka vumbi, na anakumbuka kwamba jioni ile nyumbani kwao hakuna aliyelitaja jambo hilo mezani.

Baada ya 1990 uhuru ulirudi, lakini viwanda vikafungwa, vijana wakahamia magharibi kutafuta kazi, na kodi ya kanisa iliyoanza kukatwa na serikali pamoja na kodi ya mapato ikawafanya wengine wajiandikishe kutoka. Kwa hiyo mjukuu wa leo hajamkana Kristo. Bibi yake alinyamazishwa, mama yake hakuwa na la kumsimulia, na yeye hajasikia chochote cha kukikubali au kukikataa.

Haya niliyajua baadaye. Katika majira yangu ya baridi ya kwanza sikuyajua, na niliona giza tu. Saa kumi jioni mwezi wa kumi na mbili jua limeshazama. Jumapili nyingi nilikuwa zamu. Sala ya asubuhi ikaanza kunipita, kisha ya usiku, na hapakuwa na mtu wa kuona tofauti. Mama akipiga simu anauliza, "Mwanangu, kanisani kukoje?" nami namweleza habari za theluji. Kilichokuja kunitisha ni kwamba sikusikia uchungu wowote. Nilikuwa nimelelewa ndani ya imani ya watu wengi, na watu walipoondoka nilibaki mikono mitupu.

Aliyenitoa hapo ni dada mmoja wa Kibosho.

Wasioifahamu Kilimanjaro niwaeleze kidogo. Misheni ziligawana mlima. Walutheri walishika Machame, Old Moshi na Mamba. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakashika Kilema, Kibosho na Rombo. Mpaka leo mtu akisema kwao ni wapi, wengi hukisia dhehebu lake bila kuuliza. Machame na Kibosho ni majirani, lakini nikiwa msichana nilishuhudia uchumba ukivunjika kwa sababu koo mbili zilishindwa kukubaliana nani ahamie kanisa la nani. Sasa huyu Mkatoliki wa Kibosho, tuliyekuwa darasa moja la uuguzi, ananiambia baada ya zamu, "Dada, Jumatano njoo ukumbini kwetu. Kuna chakula, na Walutheri wenzako wamo."

Kweli walikuwemo. Walikuwemo pia Wabaptisti, Wamethodisti, na familia moja ya Waorthodoksi kutoka Syria. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Kila wiki kanisa moja linapika. Mnakula kwanza, mnashiba, kisha mtu mmoja anazungumza kwa muda mfupi juu ya jambo moja la imani, halafu kila meza inauliza na kujadili. Hakuna anayecheka swali la mtu, wala hakuna anayeulizwa atajiunga lini. Wachungaji na padre walikuwa na makubaliano yao wenyewe: mgeni akitaka kwenda mbele, achague mwenyewe aende kwa nani, na hakuna kunung'unika. Nililitazama jambo lile nikaona kwamba hakuna hata kanisa moja pale ambalo lingeliweza peke yake. Wakatoliki walikuwa na ukumbi. Walutheri walikuwa na mpiga kinanda na jina linalojulikana mtaani. Wabaptisti walikuwa wachache sana, lakini walijua kualika jirani bila aibu, jambo ambalo sisi wa makanisa ya zamani tumelisahau kabisa.

Nilimleta yule kijana wa zamu yangu, yule mtu wa kawaida. Alikuja kwa ajili ya chakula, na alisema hivyo mlangoni. Tulipokuwa tunamaliza kula akanyoosha uma wake kuelekea ukutani, palipotundikwa msalaba mkubwa wa mbao wenye sanamu ya Yesu.

"Huyu alifanya kosa gani?" akauliza.

Meza ikanyamaza. Hakuwa anadhihaki. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, amesoma, na hakujua. Padre alikuwa meza ya pili. Mchungaji wa Kimethodisti alikuwa jikoni. Kijana alikuwa ananitazama mimi.

"Hakufanya kosa lolote," nikasema.

"Sasa kwa nini mnamweka ukutani akiwa katika hali ile?"

Katekisimu nilikuwa naijua kwa moyo, lakini niliijua kwa Kiswahili, na yale maneno yote, upatanisho, ukombozi, utakaso, Kijerumani changu cha kuulizia dawa na kubadilisha shuka hakikuyafikia. Nikabaki na vitu nilivyoviona kwa macho yangu. Nikamweleza baba yangu alipofariki, jinsi mama alivyokaa kwenye mkeka siku tatu bila kusema na mtu, na jinsi siku ya nne alivyoinuka akasema, "Yesu naye aliyapitia haya, siko peke yangu," akaenda kuwapa ng'ombe majani. Nikamwambia kwamba sisi tunaamini Mungu alikuja akakaa mahali pale pabaya kuliko pote, kwa kupenda kwake, na kwamba siku ya tatu alifufuka, ndiyo maana mama aliweza kuinuka. Nikasema, "Mimi naamini hivyo." Sentensi hiyo sikuwahi kuisema maishani mwangu nje ya ibada, pasipo wengine kuisema pamoja nami.

Kijana akasema, "Sawa," akaendelea kula.

Usiku ule nilipiga magoti chumbani Grünau nikasali kwa muda mrefu, kwa Kichaga, lugha ya bibi yangu. Bwana alinirudia, ndugu zangu. Naamini alikuwa ananingojea kwenye meza ile.

Tangu hapo nimo katika kazi hii ya makanisa ya mtaa. Desemba tunafanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote: kila jioni ya Majilio nyumba moja au kanisa moja la mtaa linafungua dirisha lililopambwa, majirani wanasimama nje na vikombe vya chai, zinaimbwa nyimbo mbili na kusimuliwa hadithi. Zamu yangu ilipofika niliwasimulia majirani wa ghorofa letu jinsi wamisionari waliotumwa kutoka mji wao walivyofunga safari mpaka mlimani kwetu mwaka 1893. Wengi hawakuwa wamesikia. Mzee mmoja alitaka kujua kama misheni ile bado ipo. Ipo, na mpaka leo ina ushirika na dayosisi zetu za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Alikuwa ameishi Leipzig maisha yake yote.

Ni mzee huyohuyo aliyenisimulia habari za tarehe 9 Oktoba 1989. Kanisa la Mtakatifu Nikolai lilikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu saa kumi na moja jioni tangu mwaka 1982, na mlango wake ulikuwa wazi kwa yeyote, aaminiye na asiyeamini. Jioni ile watu kama 70,000 walijaa barabarani kuupinga utawala wa kikomunisti, wengi na mishumaa mikononi, na askari hawakufyatua risasi. Yeye alikuwemo na hakuwa muumini, na hata leo si muumini. Lakini analiheshimu kanisa lile kwa namna ambayo hotuba zetu zote zisingeizaa. Wanaofanya kazi ya Injili hapa wanakuambia wamejifunza kutoka Jumatatu zile: fungua kwanza, subiri, usimdai mtu.

Sitawaficha kwamba kuna mahali tunakwama. Tarehe 29 Aprili 2007, katika kanisa kuu la Magdeburg, makanisa 11 ya Ujerumani, yakiwemo ya Wakatoliki, Waprotestanti, Waorthodoksi na Wamoravian, yalitia saini kwamba yanatambua ubatizo wa kila mmoja. Wabaptisti hawakutia, kwa kuwa kwao hubatizwa anayekiri mwenyewe. Na Meza ya Bwana bado inatutenga: dada yangu wa Kibosho na mimi tunapika sufuria moja Jumatano, na Jumapili kila mmoja anashiriki kwake. Linaniuma. Padre linamuuma pia, aliniambia.

Lakini sikilizeni lililotokea. Yule kijana wa zamu aliendelea kuja, majira mawili ya baridi. Kiangazi kilichofuata akaomba ubatizo, akachagua Wabaptisti. Kusini mwa Leipzig kuna maziwa yaliyotokana na mashimo ya makaa ya mawe yaliyojazwa maji baada ya machimbo kufungwa, na kwenye mojawapo makanisa yetu yalikwenda siku moja kubatiza pamoja. Mchungaji wa Kilutheri alibatiza watoto wachanga ufukweni kwa kuchota maji kwa mkono. Hatua chache pembeni, mchungaji wa Kibaptisti aliingia na kijana yule mpaka kiunoni, akamzamisha, akamwinua akitweta kwa baridi. Alikuwa ameulizia msalaba wa Wakatoliki, akajibiwa na Mlutheri, akabatizwa na Wabaptisti. Mimi nilishika taulo lake. Zamani, nyumbani, ningesema tumepoteza mmoja. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka wavuvi wa ng'ambo ya pili wakageuka.

Na kazini yupo bibi wa miaka tisini na ushee ambaye husema hana dini. Mwanzoni mwa mwaka huu aliniita, "Sista, unasoma nini wakati wa mapumziko?" Nilikuwa nasoma Zaburi. Sasa, kwa ombi lake na kwa ruhusa ya mkuu wa zamu, namsomea moja kabla ya kuzima taa. Ya 23 aliikatiza katikati, akaimalizia mwenyewe. Alifundishwa na mama yake kabla ya vita, na hakuwahi kumwambia binti yake kwamba anaijua. Binti anakuja Jumamosi. Bibi amesema safari hii yeye mwenyewe atamsomea binti.

Naomba mtuombee. Ombeeni umoja wa Meza ya Bwana. Ombeeni Wabaptisti wetu, ambao mchungaji wao anastaafu na hawajapata mwingine. Na kama una mtoto anayekuja Ujerumani kusomea uuguzi, kama vijana wengi wanavyofanya siku hizi, mwambie aulizie mahali ambapo makanisa ya mtaa wake yanakula pamoja, aende wiki ileile anayofika, asingoje mpaka ajue Kijerumani.